Lobachevsky alichapisha 1829, dunia ikamsikia 1868. Nani wa kulaumiwa?

#1 Kipimapembe

Salaam wakuu. Naleta hoja, mnipinge kwa ushahidi.

Nikolai Lobachevsky (1792–1856) wa Chuo Kikuu cha Kazan, Urusi, ndiye wa kwanza kuchapisha jiometri ambamo dai la tano la Euclid, Mgiriki wa kale, limetupwa nje. Kwa waliosahau: una mstari, una nukta nje yake. Kwa Euclid, kwenye nukta hiyo unapita mstari mmoja tu usiokutana na ule wa kwanza. Lobachevsky akasema iache ipite mingi, tuone hesabu inatufikisha wapi. Tarehe 23 Februari 1826 (kwa kalenda yao ya wakati ule ni tarehe 11) aliiwasilisha idarani kwake. Waliopewa kuikagua hawakutoa neno, na andiko lenyewe likapotea. Akaichapisha kwa Kirusi 1829–1830 katika jarida la hapo hapo Kazan. Kimya. Eugenio Beltrami wa Italia anakuja kuipa uhai 1868, Lobachevsky mwenyewe ana miaka 12 kaburini.

Hoja yangu: aliyemdhulumu ni Gauss, mwanahisabati mkubwa wa Ujerumani aliyekuwa Göttingen. Alijua, aliafiki, akafunga mdomo. Neno moja kutoka Göttingen lingemaliza kazi.

#2 Makavazi

Mkuu, Gauss hakunyamaza moja kwa moja. 1842 ndiye aliyependekeza Lobachevsky awe mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Göttingen, na akakubaliwa. Alichokwepa ni kusema hadharani kwamba jiometri hiyo ni sahihi. Sababu aliitoa mwenyewe katika barua kwa mwanaastronomia Bessel, Januari 1829: aliogopa makelele ya watu wasioelewa. Sifa alizompa Lobachevsky zimo kwenye barua zake kwa rafiki yake Schumacher, na barua hizo zilianza kuchapishwa baada ya 1855, Gauss akiwa ameshafariki.

Mtuhumiwa wangu mimi ni Ostrogradsky wa Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg. 1832 alipewa kazi ile aitathmini akaikataa. Aling'ang'ania integrali mbili (fomula za kujumlisha vipande vidogo vidogo): moja akasema inajulikana tayari, nyingine akasema ina kosa. Kiini cha kazi, yaani mistari sambamba, hakukigusa. 1834 gazeti moja la huko St. Petersburg likatoa uhakiki wa kejeli, mwandishi kajificha nyuma ya herufi mbili. Mtu wa mkoani akishapigwa muhuri huo na mji mkuu, nani atamsoma?

#3 Bi Hesabu

Nawapinga wote wawili. Kilichomponza Lobachevsky ni kalamu yake.

Chukueni andiko la 1829. Anaanza na maumbo yanayogusana, kurasa chache mbele ameshamwaga fomula za trigonometria, kisha integrali juu ya integrali. Msomaji hajaambiwa fomula zimetoka wapi. 1837 akapata nafasi ya dhahabu, makala kwa Kifaransa katika jarida la Crelle la Berlin lililokuwa likisomwa Ulaya nzima. Akafanyaje? Akaanza na fomula tena, akaiita "jiometri ya kufikirika". Ukimwambia mtu kwamba jambo lako ni la kufikirika, usishangae akiliacha lifikirike.

Dawa yake ni kijitabu cha Kijerumani cha 1840, kurasa 61, aya 37. Hicho ndicho alichosoma Gauss, na ndicho ninachompa mtu akiniuliza aanzie wapi. Mpangilio wake ni huu:

Aya za mwanzo hazitegemei dai la tano hata kidogo. Aya ya 16 ndiyo roho ya kitabu. Toka kwenye nukta A, shusha wima AD mpaka kwenye mstari BC. Sasa zungusha mstari mwingine ukiwa umebanwa pale A. Ukiulaza karibu na AD, unakata BC. Ukiuinua sana, haukati. Mstari wa mpaka kati ya makundi hayo mawili ndio anaouita sambamba, na pembe kati yake na AD ndiyo pembe ya usambamba. Kwa Euclid ni nyuzi 90 daima. Kwa Lobachevsky inategemea urefu wa AD, kila AD ikirefuka pembe inapungua.

Kisha anatumia silaha ambayo wengi wanairuka: mstari-mpaka na uso-mpaka (aya ya 31 na 34). Chukua duara, sukuma kitovu chake mbali bila kikomo. Kwa Euclid ukingo unanyooka kuwa mstari. Kwake haunyooki, unabaki na mkunjo. Fanya hivyo kwa tufe unapata uso-mpaka, na juu ya uso huo jiometri ya Euclid inafanya kazi yote, Pythagoras na wenzake. Yaani Euclid anajitokeza ndani ya jiometri inayomkana! Fomula zote anazitoa hapo, kwa kuhamisha pembetatu kutoka uso-mpaka kwenda kwenye bapa.

#4 Mlinganyo

Bi Hesabu umeeleza vizuri, asante. Ila wengine tunaelewa tukiona namba. Hiyo pembe inakokotolewaje?

#5 Bi Hesabu

Fomula ni fupi: tanjiti ya nusu ya pembe = e kwa kipeo hasi cha x, ambapo x ni urefu wa AD. Hatua kwenye kikokotoo:

1. Weka kikokotoo kwenye nyuzi.
2. Andika x, geuza alama iwe hasi, bonyeza e^x.
3. Bonyeza tanjiti kinyume.
4. Zidisha kwa 2.

Majibu ya kujipimia:
x = 0.1, pembe 84.28
x = 0.5, pembe 62.48
x = 1, pembe 40.40
x = 2, pembe 15.41
x = 3, pembe 5.70

Makosa yanayojirudia ni mawili. Ukipata 0.705 kwa x = 1, kikokotoo kiko kwenye rediani. Ukipata 139.6, umesahau alama ya hasi. Pembe ya usambamba haivuki 90 kamwe, kwa hiyo jibu lolote juu ya hapo lifute mara moja.

#6 Mzee Kosaini

Naongezea nyama kwa Bi Hesabu. Kuna kitu kakimeza: x hiyo si sentimita wala maili. Ni umbali ukigawanywa kwa k, kipimo cha asili cha hiyo nafasi yenyewe. Bila k mtu atadhani Lobachevsky anasema pembe inashuka mpaka 40 ukisogea mita moja.

Na Mlinganyo, ukitaka kuona tofauti na Euclid waziwazi, chukua pembetatu yenye pembe mraba, miguu miwili kila mmoja urefu 1 (yaani k moja). Pythagoras wa huku anasema: cosh ya hipotenusi = cosh ya mguu mara cosh ya mguu (cosh, sinh na tanh utazipata kwa kitufe cha hyp kwenye kikokotoo).

cosh 1 = 1.543081. Kwa mraba wake, 2.381098. Rudisha kwa cosh kinyume: 1.5134. Euclid angekupa 1.4142.

Pembe mbili zilizobaki: tanjiti = tanh 1 kugawa sinh 1 = 0.64805, sawa na nyuzi 32.95 kila moja. Jumla ya pembe zote tatu ni 155.89. Upungufu kutoka 180 ni 24.11. Ugeuze upungufu huo kuwa rediani, 0.4208, na hilo ndilo eneo lenyewe la pembetatu. Euclid angesema 0.5.

Sasa rudia kwa miguu ya 0.1. Hipotenusi ni 0.141539, Euclid 0.141421. Tofauti haifiki sehemu moja ya elfu ya urefu. Pembetatu ikiwa ndogo ukilinganisha na k, hizo jiometri mbili huwezi kuzitenganisha kwa rula yoyote. Hii ndiyo sababu yangu mimi ya kupuuzwa kwake: hakuna fundi, mpima ardhi wala nahodha aliyekuwa na shida ambayo jiometri hiyo ingemtatulia.

#7 Darubini

Mzee Kosaini, Lobachevsky aliliona hilo, ndiyo maana akapanda mpaka kwenye nyota. Katika andiko lile lile la 1829 anataka kujua nafasi tunayoishi ni ya aina gani, kwa kipimo.

Mantiki yake hii hapa. Dunia inazunguka jua, kwa hiyo nyota inaonekana ikisogea kidogo katika mwaka, ndiyo paralaksi. Kwa Euclid nyota iliyo mbali bila kikomo ina paralaksi sifuri. Kwa jiometri yake, hata nyota ya mbali kabisa lazima ibaki na paralaksi, kwa sababu pembe ya usambamba ni chini ya 90. Paralaksi yoyote uliyopima inaweka basi kikomo cha chini kwa k. Gawanya 206,265 (idadi ya sekunde za pembe katika rediani moja) kwa paralaksi (katika sekunde za pembe), unapata k ya chini kabisa kwa kipimo cha umbali wa dunia na jua.

Alitumia Sirius, paralaksi sekunde 1.24. Hiyo inatoa k isiyopungua umbali kama 166,000 wa dunia na jua. Hitimisho lake: pembetatu zote tunazoweza kuzifikia ni kana kwamba za Euclid.

#8 FundiRamani

Darubini, mantiki safi, namba ya Sirius si safi. 1.24 ni kipimo kibovu cha enzi zile. Paralaksi ya kwanza ya kuaminika ilikuja 1838, Bessel alipopima nyota ya 61 Cygni, miaka 9 baada ya andiko hilo. Sirius kwa vipimo vya leo ni 0.38 hivi. Weka hiyo, k ya chini inapanda mpaka kama 543,000. Kwa hiyo kosa la namba halikumharibia hoja, lilimpunja tu.

#9 Kipimapembe

Hapo mmenirudisha kwa Gauss. Huyo huyo alipima pembetatu ya milima mitatu ya Ujerumani, Hohenhagen, Brocken na Inselsberg, ili aone kama jumla ni 180. Mtu anayepanda milima kutafuta jiometri mpya, halafu mwenzake akiichapisha haungi mkono hadharani?

#10 FundiRamani

Mkuu, punguza mwendo kwenye hiyo milima. Vipimo vile vilikuwa vya upimaji ardhi wa Hanover. Kama alikusudia pia kuijaribu nafasi, wanahistoria bado wanavutana.

Tazama namba. Pande ni kama km 69, 85 na 107. Eneo linakuja km za mraba 2,929 hivi. Kwa sababu dunia ni mviringo, pembetatu iliyo juu ya uso wake ina ziada: eneo gawanya kwa mraba wa nusu kipenyo cha dunia (km 6,371), zidisha kwa 206,265. Unapata sekunde 14.9. Mpimaji akiisahau ziada hiyo atadhani amegundua jiometri ya tufe angani, kumbe ni dunia tu.

Ukishaitoa, unabaki na makosa ya chombo, ambayo ni sehemu ya sekunde. Sasa upungufu wa Lobachevsky kwa pembetatu hiyo, hata ukitumia ile k ndogo ya Sirius mbovu: sifuri 18 baada ya nukta ndipo tarakimu ya kwanza inatokea. Theodolaiti gani itaona hiyo?

#11 Nahau ya Namba

Wakuu, mbona hamgusi Bartels? Johann Bartels alimfundisha Gauss akiwa mtoto kule Braunschweig. Bartels huyo huyo akaenda Kazan 1808, akamfundisha Lobachevsky. Mwalimu mmoja, wanafunzi wawili, wazo moja. Mimi naona wazo lilisafiri na mwalimu.

#12 Makavazi

Nahau, hii imevutia wengi na imekosa miguu. Tazama miaka.

Mihadhara ya Lobachevsky ya 1815 hadi 1817 inamwonyesha bado anajaribu kulithibitisha dai la tano, kama kila mtu kabla yake. Kama Bartels alikuwa na siri ya Gauss, kwa nini mwanafunzi wake bora apoteze miaka hiyo? Bartels akaondoka Kazan 1820 kwenda Dorpat. 1823 Lobachevsky ameandika kitabu cha shule cha jiometri, humo anasema tu kwamba uthibitisho wa kweli wa dai hilo haujapatikana. Bado hajavuka. Kuvuka kunaonekana 1826.

Kitabu hicho nacho kilikataliwa na St. Petersburg. Mhakiki, Nicolaus Fuss, alichukizwa na mambo kadhaa, mojawapo ni kutumia mita, kipimo cha Mapinduzi ya Ufaransa!

#13 Bi Hesabu

Naunga mkono #12. Ila wazo lilikuwa linaelea, hilo tusilikatae. Schweikart, mwanasheria, alimtumia Gauss ukurasa wake wa "jiometri ya nyota" 1818. Mpwa wake Taurinus akachapisha fomula zinazofanana na za Lobachevsky 1826, lakini akaishia kusema haiwezi kuwa jiometri ya kweli. Bolyai János wa Hungaria alimwandikia baba yake Novemba 1823 kwamba amepata kitu kikubwa, kikachapishwa 1832 kama kiambatisho cha kitabu cha baba. Gauss akamjibu mzee Bolyai kwamba kuisifu kazi hiyo ni kujisifu mwenyewe. Kijana akaumia sana.

#14 AbuZawia

Assalaam alaykum. Mnaanzia 1818 kana kwamba kabla yake palikuwa kiza. Umar Khayyam alishachora pembenne yenye nguzo mbili sawa zilizosimama wima juu ya msingi, akauliza pembe za juu ni mraba, kali au butu. Hiyo ndiyo inaitwa leo pembenne ya Saccheri, ambaye kaandika 1733. Nasir al-Din al-Tusi akaendeleza. Kabla yao Ibn al-Haytham. Lobachevsky kakuta shamba limelimwa.

#15 Mzee Kosaini

Wa alaykum salaam. Kweli tupu, tena njia inafuatika: maandishi yaliyonasibishwa na al-Tusi yalichapishwa Roma 1594, John Wallis wa Oxford akayatumia katika mhadhara wake wa 1663, Saccheri akamsoma Wallis.

Ila angalia walipoishia. Khayyam anazikataa pembe kali na butu ili dai la Euclid lisimame. Saccheri naye: pembe butu inajipinga haraka, lakini pembe kali anaifuata ukurasa hadi ukurasa, anatoa matokeo sahihi kabisa ya jiometri ya Lobachevsky, na mwisho anaitupa kwa kusema inapingana na tabia ya mstari ulionyooka. Uthibitisho hakuwa nao. Lambert, 1766, alisogea karibu zaidi, akaona kwamba pembe kali ni kama jiometri ya tufe lenye nusu kipenyo cha kufikirika. Waliotangulia walilima, nakubali. Aliyethubutu kuvuna akaweka jina lake gazetini ni wa Kazan.

#16 KroshiaTu

Samahani kwa kuingilia wazee wa barua. Jiometri hii inashikika kwa mkono. Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell aliifuma kwa kroshia 1997, nami naweka vipimo hapa kwa anayetaka.

Anza na mnyororo wa vitanzi 20. Chagua namba N. Fuma vitanzi N vya kawaida, kisha fuma kimoja zaidi ndani ya tundu lile lile la kitanzi cha N, endelea hivyo safu zote bila kubadilisha. Kwa N = 5 kila safu inakuwa ndefu mara 1.2 ya iliyotangulia. Safu ya 10 ina vitanzi 124 hivi, safu ya 20 ina 767. Andaa uzi wa kutosha! Kwa N = 12, safu ya 20 ina 99 tu.

Yanayoharibika:
– Uzi laini wa sufu unalegea, mikunjo haikai. Tumia uzi wa sintetiki mgumu na sindano ndogo kuliko inayopendekezwa.
– Kuongeza kwa kukisia. Ukiongeza sehemu moja zaidi ya nyingine, mkunjo haulingani na pembetatu zako zitatoa majibu tofauti kila mahali. Hesabu, usikisie.
– N ya 2 au 3 inakupa donge lisilofunguka. N ya 20 kwenda juu inaonekana kama kitambaa cha kawaida.

Mstari ulionyooka unaupata kwa kukunja kitambaa na kubana. Kunja mmoja, weka nukta nje yake, kisha kunja mitatu inayopita kwenye nukta hiyo bila kuukata wa kwanza. Inawezekana, na unaiona kwa macho. Ukingo wa jani la sukuma wiki umejikunja kwa sababu hiyo hiyo, ukingo umekua haraka kuliko katikati.

#17 Mlinganyo

KroshiaTu umetisha. Swali: k ya kitambaa chako ni ngapi?

#18 Mzee Kosaini

Nijibu hilo kwa sababu linaturudisha kwenye kijitabu. Safu za kroshia ni ile mistari-mpaka ya Lobachevsky. Aya ya 33 inasema: urefu wa mstari-mpaka unakua kwa e^(umbali gawanya k). Safu moja ina kimo h na inakua mara (N+1)/N. Kwa hiyo k = h gawanya kwa logi asilia ya (N+1)/N.

Kimo cha safu nusu sentimita, N = 5: 0.5 gawanya 0.1823 = sm 2.74.
N = 12: 0.5 gawanya 0.0800 = sm 6.25.

Ukiwa na k ya sm 6.25 unaweza kurudi kwenye jedwali la Bi Hesabu: shusha wima wa sm 6.25, pembe ya usambamba iwe 40 hivi. Pima kwa kipimapembe juu ya kitambaa. Ukikosa kwa nyuzi 3 au 4 ni uzi, ukikosa kwa 15 umehesabu safu vibaya.

#19 Kipimapembe

Nimeitwa jina bila taarifa hapo juu. Kwa wasiofuma je?

#20 KroshiaTu

Wewe ndiye wa kwanza kupimia, kaa tayari.

Kwa wasiofuma: kata pembetatu za pande sawa za manila, sm 5 kila upande. Bandika saba kuzunguka kila kipeo. Sita zinalala bapa, tano zinajifunga kuelekea tufe, saba zinajikunja kama tandiko. Pete ya kwanza pembetatu 7, ya pili 28, ya tatu 77, jumla 112. Bandika gundi ya karatasi upande mmoja tu, ili kiungo kiwe bawaba. Usiibonyeze mezani ikae bapa, itachanika.

Kuchora mstari: fungua pembetatu mbili jirani ziwe bapa, weka rula ivuke ukingo, chora, kisha fungua jozi inayofuata. Usipitishe mstari kwenye kipeo, kwa sababu mkunjo wote umekaa kwenye vipeo, katikati ya karatasi hakuna. Kila kipeo kina nyuzi 420 badala ya 360. Kwa hiyo pembetatu uliyochora ikizunguka kipeo kimoja, jumla ni 120. Ikizunguka viwili, 60. Vitatu haiwezekani kabisa, jumla ingefika sifuri. Hapo unaona kwa nini eneo la pembetatu yoyote ya Lobachevsky lina kikomo: pai mara mraba wa k, haivuki.

#21 Mzee Kosaini

Hii ya manila inaonyesha kilichokosekana 1829: mfano wa kushika. Lobachevsky hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba jiometri yake haitajipinga siku moja. Alichokuwa nacho ni fomula zinazofanana na za tufe, pande zikiwa za kufikirika. Ni ushahidi mzuri, si uthibitisho. Beltrami 1868 akaleta uso halisi ambao juu yake jiometri hiyo inafanya kazi, Felix Klein akafuata 1871, Poincaré 1882. Hata uso huo wa Beltrami ni kipande tu. Hilbert alithibitisha 1901 kwamba bapa zima la Lobachevsky haliwezi kuingia kwenye nafasi ya kawaida ya vipimo vitatu bila kasoro. Ndiyo maana kitambaa cha dada yetu kinakataa kukaa kadiri kinavyokua.

Kwa hiyo msimlaumu mtu. Ushahidi haukutosha.

#22 Makavazi

Mzee, Gauss aliridhika bila mfano. Bolyai naye alipokipata kijitabu cha 1840, mwaka 1848, alikisoma mstari kwa mstari na kukiandikia maoni. Wenye macho waliona.

Na miaka mnayoitaja inaniunga mkono mimi. Kabla ya Beltrami, Jules Houël wa Bordeaux alishakitafsiri kijitabu cha 1840 kwa Kifaransa, 1866, pamoja na sehemu za barua za Gauss kwa Schumacher. Jina la Gauss ndilo lililofungua mlango. Lingetajwa hadharani 1832 mlango ungefunguka 1832, isipokuwa St. Petersburg ilikuwa imeshaufunga.

#23 Kipimapembe

Makavazi sasa anatetea hoja yangu ya #1. Karibu nyumbani.

#24 Nahau ya Namba

Kuna jambo jingine hamjaligusa. Lobachevsky alikuwa mkuu wa chuo miaka 19, 1827 hadi 1846. Mkuu wa maktaba 1825 hadi 1835. Alisimamia majengo, kipindupindu cha 1830 alikifungia nje ya chuo kwa karantini, na moto wa 1842 ukala sehemu kubwa ya Kazan akajenga upya. Wanafunzi alikuwa nao, ila hakuna aliyeibeba jiometri hii mbele. Wazo lisilo na wanafunzi linategemea vitabu tu, na vitabu vyake tumeshaambiwa vilikuwaje.

#25 Bi Hesabu

Hiyo nzuri Nahau. Naongeza kwamba hata katika miaka hiyo ya ofisi hakukaa na jiometri peke yake. Kitabu chake cha aljebra cha 1834 kina njia ya kutafuta mizizi ya mlinganyo ambayo Dandelin na Gräffe nao waliifikia kila mmoja kivyake. Mlinganyo, jina lako linakuita: chukua x² − 3x + 2. Jumla ya mizizi 3, zao 2. Jumla mpya = jumla kwa mraba toa mara mbili ya zao, zao jipya = zao kwa mraba. Unapata 5 na 4, kisha 17 na 16, kisha 257 na 256. Mzizi wa nane wa 257 ni 2.001, na mzizi mkubwa wa kweli ni 2. Inavyoharibika: alama ya mzizi inapotea kwenye kuzidisha, urudi ujaribu chanya na hasi katika mlinganyo wa mwanzo. Na mizizi miwili ikiwa na ukubwa sawa haitengani.

#26 Mlinganyo

Nimejaribu na −3 na 1, alama imepotea kweli. Asante.

#27 Darubini

Kwa Kipimapembe na Makavazi: mnazungumza kana kwamba Gauss angesema, watu wangekubali. Zama zile mwanafalsafa Kant alikuwa ameshawaaminisha wasomi wa Ujerumani kwamba jiometri ya Euclid imo akilini mwa binadamu kabla ya kupima chochote. Lobachevsky anakuja kusema nendeni mkapime nyota. Ugomvi huo ulikuwa mkubwa kuliko kalamu mbaya na mkubwa kuliko Ostrogradsky. Ulilegea baada ya mhadhara wa Riemann wa 1854 kuhusu misingi ya jiometri, nao pia ulichapishwa 1868, mwaka ule ule wa Beltrami.

#28 Makavazi

Darubini, Ostrogradsky hakutaja Kant, alitaja integrali. Yule wa gazeti la 1834 naye alitaja kichwa cha kitabu. Niletee mhakiki mmoja wa miaka ile aliyemkataa Lobachevsky kwa maandishi kwa sababu ya Kant, tuendelee.

#29 Darubini

Nipe mpaka kesho usiku.

#30 Bi Hesabu

Mkisubiri, anzeni na Pangeometria, kitabu cha Lobachevsky cha 1855. Aliisomea waandishi kwa mdomo, macho yameshakufa, kwa Kirusi na kwa Kifaransa, kuadhimisha miaka 50 ya chuo. Humo neno "kufikirika" ameliacha. Mtu wa kurasa za kwanza ataona amepanga fomula vizuri kuliko 1829, na bado anaruka hatua ya uso-mpaka. Atakayekwama hapo afungue kijitabu cha 1840 aya ya 34 na 35, asome zote mbili kabla ya kurudi.